Tupeane uzoefu: wewe uliyeuguza mtu wa kansa, wewe mwenyewe ulibadilika vipi?

BintiLangoni
Asalam aleikum na habari zenu nyote. Hii mada nimeibeba moyoni tangu Ramadhani, leo nikaona niandike tu. Kila siku tunaongelea mgonjwa, amekula, hajala, nywele zimetoka, na ni sawa kabisa kwa sababu yeye ndo mwenye maumivu. Lakini sisi tunaoshika faili na chupa ya uji nasi tunatoka huko si wale tulioingia. Nataka tuambiane hilo. Miti shamba tafadhali tuiache leo. Niambie wewe ulijifunza nini, na tumaini ulilipata wapi siku ambazo kila mtu nyumbani alikua amenyamaza.

Naanza mimi. Ni kitinda mimba, kwetu ni Langoni, Lamu. Mama alipata uvimbe kwenye titi la kushoto 2022 akakaa nao miezi bila kusema, kwa sababu kwetu kitu hicho hakitajwi, watu husema "yale maradhi" wakiteremsha sauti. Siku aliyoniambia alikua amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akasema "mwanangu nina kitu hapa" na mkono ukaendelea kukuna, hakuinua hata uso, na mimi badala ya kumuuliza nikaokota machicha yaliyomwagika chini. Hivo ndivyo nilivyokua. Mambo mazito ni ya kaka zangu, mimi yangu ilikua kulala na simu tu.

Sasa kaka mmoja yuko Doha, mwingine ana duka Mombasa hawezi kulifunga, ikabaki mimi. Kemo nane, yaani zile dawa kali za kansa, kila baada ya siku 21. Kwa mtu ambaye hajui safari yetu, unatoka na boti alfajiri mpaka Mokowe, unapanda basi, mnangoja eskoti ya polisi, Witu, Garsen, Malindi, ndo Mombasa, siku yote imekwisha na mgonjwa amekaa na kifuko mkononi. Na kabla ya kemo unapimwa damu, seli nyeupe zikiwa chini unarudishwa. Mara ya pili kurudishwa nililia hadharani pale kwenye korido, yaani kilio cha sauti, mama ndo akanifuta machozi na ncha ya mtandio wake. Usiku ule nikafikiria, kwa nini damu ipimwe Mombasa? Asubuhi nikamfata nesi nikamuuliza kama tunaweza kupima Lamu siku mbili kabla nimtumie majibu kwa picha. Akasema ndio, mbona hukuuliza mapema! Tangu siku hiyo hatukurudishwa tena. Ni kitu kidogo lakini mie nlikua mtu wa kutouliza, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza, nikanunua daftari la kurasa 200 nikawa naandika kila kitu, dawa ipi, saa ngapi, joto ngapi.

Mama hushona kofia, zile za mkono, kitundu kimoja kimoja kwa sindano. Dawa nyekundu ya kemo nne za kwanza ilimtapisha lakini aliendelea kushona. Nne za mwisho dawa ilibadilishwa, vidole vikafa ganzi, sindano inamtoka anaitafuta kwenye kanga mapajani kwa macho, kwa sababu mkono hauijui tena. Nilidhani ataiacha. Akamwita mjukuu wa miaka saba amtungie uzi, akawa anashona vitundu vitatu kwa siku, vitatu tu, kisha anakunja anaweka kando. Mimi nilijifunza kutumaini pale, kwa mafungu ya siku 21 na vitundu vitatu. Nisiulizwe kuhusu mwakani, niulizwe kuhusu Jumanne.

Alhamdulillah alifanyiwa upasuaji, mionzi akapata hapo hapo Mombasa (zamani mionzi ya serikali ilikua lazima Nairobi), sasa yuko kwa kidonge cha kila siku. Na nyumbani kwetu neno kansa tunalitamka, hata mbele ya wageni.

Haya, karibuni.

MvuviWaShela_MLD
Dada umenigusa. Shela yetu ni ya Malindi si ya kwenu huko.

Wangu hakupona, naomba nisimulie hivo hivo. Baba alikua mvuvi maisha yake yote. Alianza kukwamwa na ugali, akasema ni koo kukauka, ikawa wali, mwishowe hata uji unapita kwa shida. Walipompiga kamera wakakuta kansa ya koo la chakula na ilikua imeshaenea. Aliwekewa kimrija cha kufungua njia. Tulikaa naye miezi mitano.

Mimi na baba tulikua hatuelewani. Niliacha bahari nikaenda kuendesha watalii, yeye akaona nimemkana. Miaka tisa tulikua tunasalimiana tu. Sasa nikawa mimi ndo namlisha kijiko, kijiko kimoja, unangoja kishuke, kingine, sahani ndogo saa nzima. Huwezi kukaa na mtu saa nzima mara tatu kwa siku bila kuongea. Akaanza kunipa alama zake za baharini. Ukiwa nje unaangalia nguzo ya Vasco da Gama imelingana na kitu gani nyuma yake, na upande wa pili mnazi gani umefunika paa gani, pale zikikutana shusha nanga, chini ni mwamba wa changu. Alikua nazo zaidi ya thelathini kichwani, hakuwahi kumwambia mtu. Nikaziandika zote. Nyingine mnazi ulishakatwa, akawa anacheka mwenyewe anatafuta alama mpya akiwa amelala kitandani amefumba macho.

Kitu kingine, mofini. Mie nlikua naikataa ile ya maji nikidhani ndo mwisho, watamuua. Nesi akakaa na mimi akanieleza polepole ni ya maumivu, inapimwa, inaongezwa kidogo kidogo. Siku ya kwanza kuinywa baba alilala mpaka alfajiri, alipoamka akauliza upepo umegeuka? Nilijilaumu kwa zile wiki mbili nilizomchelewesha. Ndugu zangu msirudie kosa langu.

Alifariki kaskazi ikianza. Mimi nina ngalawa sasa, naenda Jumamosi na Jumapili. Sijui kama hiyo ndo unaita kubadilika.

BintiLangoni
Ndiyo yenyewe kaka. Allah amrehemu mzee. Nimesoma hapo kwenye upepo nikashindwa kuendelea, nikarudi baadae.

mama_kadzo
Nasalimu. Mimi niko karibu na Gede. Naandika pole pole mnisamehe.

Mtoto wangu alikua miaka 6 akavimba taya. Tukaenda mahali wakasema ni jino wakang'oa. Ikavimba zaidi wakang'oa lingine. Wiki zinaenda na uso unaenda upande. Jirani akasema ametupiwa kitu. Mimi nilikua naamini kila mtu kwa sababu sikujua kusoma, ukinipa karatasi naikunja naweka kwa maziwa basi.

Mwishowe daktari mmoja alimshika taya akasema huyu aende rufaa leo, si kesho. Ikawa ni kansa inaitwa Burkitt, wanasema inashika watoto sana sehemu za malaria kama huku kwetu. Nililia nikijua mtoto wa kansa anakufa. Kemo ya kwanza, jamani, siku chache tu uvimbe ukaanza kushuka, unaona kwa macho, asubuhi na jioni si sawa. Daktari akaniambia hii huja haraka na huitikia dawa haraka, mradi msikatize. Usikatize, hiyo ndio kazi yako mama.

Lakini kadi ya tarehe sikuisoma. Siku moja nilifika siku ambayo siyo, mtoto akakaa na njaa kwa bure. Nikasema hapana. Wodini kulikua na mama wa mtoto mwingine akanifundisha namba za tarehe kwanza, alafu jina la mtoto. Tuliporudi nikaenda gumbaru, nikakaa na watu wazima kwa benchi. Mtoto wangu saa hii yuko darasa la tatu na hii mnayosoma nimeandika mimi mwenyewe.

MvuviWaShela_MLD
Mama Kadzo Mungu akuzidishie.

FundiMatondoni
Wanaume huwa hatusemi, ngoja niseme. Mke wangu, kansa ya mlango wa kizazi. Mionzi siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano, akakaa kwa shangazi yake Mombasa, mimi nikabaki Matondoni na mabinti wawili na jahazi la mtu nusu halijatiwa kalafati. Sikua najua kitu. Sikua najua mchele unaoshwa mara ngapi. Kusuka nywele nilifundishwa na mkubwa wangu wa miaka 11, yeye amekaa mbele yangu na kioo ananielekeza, "Baba usivute, gawa tatu," na mkono wangu wa tezo na msumari unatetemeka kwa kichwa cha mtoto. Wiki ya tatu zilinyooka.

Mke akirudi nilimwambia kitu sijawahi kumwambia miaka 14 ya ndoa, nikamwambia kazi yako nilikua siioni. Hapo ndo palipobadilika. Na mabinti wote wawili wamepata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hiyo ya mlango wa kizazi, serikali inaitoa tangu 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10, kuna wazazi wananiambia eti itawafunga uzazi, mimi nawaambia njooni kwangu muulize mke wangu amepitia nini.

Asha_wa_Barani
Samahani mimi naomba kusema tofauti. Mimi sikukua wala sikubadilika, nilichoka. Nimemuuguza dada miaka miwili, ndugu wanapiga simu kuuliza "anaendeleaje" wanakata, hakuna hata mmoja ameuliza wewe umelala? Kuna siku nilitamani iishe tu alafu nikajichukia. Alipona, ameolewa tena, mimi bado naamka saa tisa usiku nasikiliza kama anatapika.

BintiLangoni
Asha mamangu, nashukuru umeandika. Hii nayo ni yetu. Mie pia nilitamani iishe, kemo ya sita, ndani ya basi pale Garsen, na sikumwambia mtu mpaka leo nimeandika hapa. Ukiamka saa tisa niandikie, naamka tahajudi wakati huo huo.

FundiMatondoni
Dada Asha umelala? Nauliza kweli.

Asha_wa_Barani
Leo nililala mchana. Ahsanteni.

kijana_mpya
Mimi ni wa Faza. Mama mkubwa anaanza kemo ya kwanza Jumatano inayokuja Mombasa, mimi ndo nampeleka, nina miaka 22 na sijawahi kumpeleka mtu hospitali. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iko sawa nimehakikisha. Nibebe nini? Nafanya nini?

BintiLangoni
Usajili uko sawa lakini ukifika uliza tena kama kibali cha kemo kimeshapita, usingoje waite. Beba shuka, kile chumba kina baridi. Ndimu na tangawizi ya kutafuna. Uji kwenye chupa ya chai. Daftari na kalamu, andika kila anachosema daktari hata usichoelewa. Nunua kipimajoto, akirudi nyumbani joto likifika 38 hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata usiku, na Faza usiku ni boti kwa hivo panga mtu wa boti kabla. Dawa nyekundu ikiwa ndo yake mkojo utakua mwekundu, mwambie mapema asishtuke. Nywele hutoka wiki ya pili au ya tatu.

Na ukishindwa kujua la kusema usiseme kitu, kaa tu karibu yake.

kijana_mpya
Shukran sana dada. Nimeandika yote. Tunatoka Faza Jumanne alfajiri.

BintiLangoni
Jumanne? Sisi Jumatano mama ana kliniki yake ya miezi sita, basi ni moja. Mkifika Mokowe tutafuteni upande wa vibanda vya chai, mimi nina kikapu cha ukindu chekundu, na mama utamjua, atakua ameshika kofia mkononi anashona. Siku hizi anatunga uzi mwenyewe. Mkalishe mama mkubwa kiti cha pembeni yake.