Kizazi kimeshikana baada ya kusafishwa: makovu yakishakatwa, yanazuiwaje yasirudi?

Nesi_Makambako
Wakuu, naomba mwongozo. Mama mmoja alisafishwa kizazi wiki ya tatu baada ya kujifungua, kipande cha kondo kilibaki. Tangu hapo haoni hedhi, ila kila mwezi tumbo la chini linamkata siku mbili tatu. Kipimo cha mimba hasi. Kuna aliyemshauri asafishwe tena "kufungua njia". Tumpeleke Mbeya?

Gaini_Uyole
Asisafishwe tena, dada. Kukwangua bila kuona ndiko kunakong'oa tabaka la chini linalootesha utando mpya wa ndani ya kizazi. Kuta mbichi zikigusana zinashikana. Wiki ya 2 hadi ya 4 baada ya uzazi ni mbaya zaidi, kizazi bado laini na estrojeni, homoni inayojenga utando huo, iko chini.

Maumivu ya kila mwezi bila damu yanaashiria njia imeziba chini na damu imenasa juu. Aanze na ultrasaundi. HSG (eksirei ya kizazi kilichowekwa dawa ya picha) inasaidia, ila mlango wa kizazi ukiwa umeziba kabisa dawa ya picha haitapita. Kinachothibitisha na kutibu ni histeroskopi: kamera nyembamba na mkasi mdogo, unaanza na makovu mepesi ya katikati ndipo uende pembeni, mwenzako akiwa na ultrasaundi tumboni mkasi usije ukatoboa. Kabla ya nauli, pigeni simu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, upande wa wazazi Meta, muulize kama kifaa kipo na kinafanya kazi.

Nesi_Makambako
Asante dokta. Na yakishakatwa?

Gaini_Uyole
Hapo ndipo kazi ilipo. Foley (mpira wa mkojo wenye puto) ya watoto namba 8 au 10, kata ncha iliyozidi mbele ya puto, ingiza ndani ya kizazi, jaza puto 3 ml, ikae siku 5 hadi 7. Ukijaza kupita kiasi ukuta unabanwa, damu haifiki, unatengeneza kovu jipya. Kitanzi cha shaba hapana: shaba inachochea uvimbe, na umbo la T ni jembamba mno kutenganisha kuta.

Estradioli (vidonge vya estrojeni) 2 mg asubuhi na jioni kwa siku 28, siku 10 za mwisho ongeza medroksiprojesteroni (homoni ya aina ya projesteroni) 10 mg kwa siku. Uliza kwanza kuhusu damu kuganda mguuni, saratani ya titi, na kama ananyonyesha, maana maziwa hupungua. Kamera irudiwe baada ya wiki chache. Kovu changa huachia hata kwa kusukumwa na ncha ya kamera.

Mkunga_Tukuyu
Nyongeza. Utando upimwe TB pia. Ikiwepo, amalize dawa za miezi 6 kwanza, na makovu ya TB ni sugu. Akishika mimba, kondo linaweza kuzama ukutani, kwa hiyo zahanati hapana, azalie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Na sisi wa vituoni, mimba iliyoharibika chini ya wiki 13 ikabakiza mabaki, tumieni MVA (bomba la kufyonza kwa mkono) au misoprostoli mikrogramu 600 za kumeza. Kile kijiko cha chuma cha kukwangulia kikae kabatini.