Ejenti wa AI anaitumia vibaya laibrari yangu wakati maelezo yapo, nifanyeje?

Muulizaji
Wakuu habari za jioni, naomba msaada hapa maana nimehangaika na hili wiki nzima. Nina laibrari ndogo ya Python niliyoiandika mwenyewe ya kupokea malipo ya M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa), sisi tupo Dar ila tuna wateja Nairobi. Zamani waliokuwa wanaitumia ni vijana wetu watatu tu, mtu akikwama ananiuliza, namjibu, yameisha. Siku hizi kila mmoja anamwachia ejenti wa AI anayeandika programu mwenyewe, kuna wa Claude Code kuna wa Cursor, na ejenti anaandika kitu kinaonekana safi kabisa afu kumbe kibovu.

Mfano wa juzi. Ejenti katuma STK push (lile ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja aweke PIN), jibu likarudi na ResponseCode "0", yeye akaandika kwenye databesi kwamba oda imelipwa. Wanaoijua Daraja wanajua hiyo sifuri maana yake ombi limepokelewa tu, mteja hata PIN hajaingiza, malipo yenyewe unayajua kwenye kolbaki (ujumbe wa matokeo ambao Daraja inautuma baadaye kwenye seva yako) kwa ResultCode. Bahati nzuri tulikuwa bado kwenye sandboksi (mazingira ya majaribio), ila ingekuwa laivu mtu angekataa kulipa kwenye simu yake na mzigo ungetoka. README yangu (faili la maelezo ya laibrari) ni ndefu na haya yote yameandikwa humo. Niongeze nini tena?

Mchangiaji wa 1
Mkuu usiongeze kitu kwenye README kwanza. Mwangalie ejenti anavyofanya kazi, hakai chini akasoma kurasa zote kama wewe ulivyoziandika, anatafuta jina la fanksheni kwenye mafaili, anasoma mistari michache hapo juu na chini, basi anaanza kuandika. Kwa hiyo ukweli lazima ukae pale pale anapopita. Hiyo fanksheni yako inaitwaje na inarudisha nini?

Muulizaji
Inaitwa lipa(), inarudisha True.

Mchangiaji wa 1
Basi hapo ndo penye tatizo. Umeiita lipa, ikarudisha True, hata binadamu mgeni angesema imelipwa. Ibadilishe iwe omba_malipo(), irudishe CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi hilo) pamoja na hali "INASUBIRI_MTEJA", na mstari wa kwanza kabisa wa maelezo ndani ya fanksheni useme: hii haithibitishi malipo, subiri kolbaki. Ukishafanya hivo ejenti hata akitaka kuandika "imelipwa" hana pa kuitoa.

Afu weka faili la AGENTS.md (maelekezo kwa ejenti) kwenye folda kuu ya repo, yaani ya mradi wako. Cursor analisoma, Claude Code yeye anasoma CLAUDE.md, kwa hiyo tengeneza na hilo, ndani yake uandike tu @AGENTS.md ili livute yaliyomo kwenye lile la kwanza, hutakuwa na haja ya kutunza mafaili mawili yanayopishana.

Mchangiaji wa 2
Naunga mkono, ila mimi kilichonisaidia kuliko vyote ni ujumbe wa makosa. Ejenti anaendesha komandi, inagoma, anasoma kilichotoka, anarekebisha, anaendesha tena. Ule ujumbe ndo maelezo pekee ambayo una uhakika ameyasoma! Sasa ukimwandikia "namba si sahihi" atajaribu kuweka +254, atajaribu kuweka nafasi katikati, atazunguka hapo hapo mpaka tokeni (kiasi cha maneno anachoruhusiwa kutumia) ziishe. Mwandikie hivi: "Namba iwe tarakimu 12 kuanzia 254, bila alama ya + mbele. Umetuma tarakimu 10 zinazoanza na 07." Atarekebisha mara moja.

Na kama una komandi za terminali, mbili za kuangalia. Ile ya kuuliza "unaendelea? y/n" inamgandisha, anabaki anasubiri jibu ambalo hakuna wa kulitoa. Ya pili, kazi ikishindikana hakikisha programu inatoka na namba isiyo sifuri (sifuri maana yake imefanikiwa), sisi tulikuwa na kitu kinaandika "imeshindikana" kwenye skrini lakini kinatoka na 0, ejenti akawa anaripoti kila kitu kipo sawa na sisi tunamwamini.

Mchangiaji wa 3
Mimi niseme moja tu kuhusu hilo faili la AGENTS.md, msije mkalijaza. Kila mstari unakula nafasi kwenye kumbukumbu yake ya kazi na likiwa refu yale ya muhimu yanamezwa. Andika yale ambayo hawezi kuyakisia: komandi ya kuendesha testi, toleo la sasa, na kwamba kiasi ni shilingi nzima bila desimali. Toleo nalitilia mkazo kwa sababu yeye anakumbuka laibrari nyingi kama zilivyokuwa alipofundishwa, kwa hiyo lipa() usiifute kimya kimya, iache itupe kosa linalosema tumia omba_malipo().

Na majina mkuu. Nimeona repo nyingi za kwetu sehemu moja "simu", nyingine "namba", nyingine "phone", kitu ni kile kile. Ejenti anabuni la nne. Chagua moja, Kiswahili au Kiingereza ni sawa tu.

Ukimaliza, fungua sesheni mpya kwenye folda tupu, mpe kazi kwa sentensi moja, usimsaidie, tazama anapokosea. Rudia mara tatu nne, anapokosea kila mara hapo ndo pa kurekebisha.

Muulizaji
Wakuu nimerudi. Nimebadilisha majina na ujumbe wa makosa, nimejaribu mara nne kwenye sesheni mpya, hakuna hata moja aliyoandika imelipwa kabla ya kolbaki. Kilichobaki ni kimoja, kolbaki ikichelewa anatuma STK push tena, mteja anaweza kulipa mara mbili.

Mchangiaji wa 2
Hilo usimwachie maelezo. Laibrari yenyewe ikatae ombi la pili la oda ile ile kama la kwanza bado linasubiri, na ujumbe umwambie aulize hali kwa CheckoutRequestID aliyonayo, Daraja ina sehemu ya kuuliza. Ikirudi 1032 maana yake mteja kaghairi, hapo ndo aruhusiwe kutuma upya.

Muulizaji
Sawa mkuu, naiweka usiku huu.