Mjadala: Je, ni ukosefu wa elimu unaozizuia kaya za mijini kununua unga wenye virutubishi?

Mtoa hoja:

Kila unapozungumzwa unga ulioongezewa virutubishi, yaani madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini za kundi B, huelezwa kwamba kaya za mijini haziununui kwa sababu hazijaelimishwa. Napinga. Elimu ina nafasi yake, lakini siyo inayoamua ni unga upi uingie jikoni.

Mtazameni mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu. Macho huanzia kwenye bei, yakahamia kwenye uzito; kisha huubonyeza mfuko kwa kidole gumba, na kama una sehemu inayoonyesha ndani, huangalia weupe. Akiliona jina la unga aliouzoea, kazi imekwisha. Nembo ya virutubishi, ambayo mara nyingi huchapwa ndogo upande wa nyuma, haikuwamo kabisa katika ukaguzi huo usiozidi dakika moja. Na huyo ni anayemudu mfuko uliofungwa. Anayenunua kwa kupimiwa, kwa kuwa kipato chake huingia kwa siku na si kwa mwezi, hata nafasi ya kuiona hana: yeye huondoka na kilo yake, nembo ikabaki kwenye gunia.

Weupe wenyewe unastahili maneno zaidi. Nafaka ikikobolewa, pumba na kiini huondoka, na humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya madini ya chuma na vitamini B. Kaya hulipa zaidi ili ipate unga uliopungukiwa, kisha huombwa ilipe tena ili irudishiwe baadhi ya kilichotolewa. Sishangai wapo wanaoliona jambo hili kuwa mzaha.

Kwa hiyo naona uamuzi ufanyike kinuni, kwa sheria, na si kwenye rafu. Canada iliagiza asidi ya foliki itiwe katika unga mweupe wa ngano mwaka 1998, Chile ikafuata mwaka 2000, na katika nchi zote mbili idadi ya watoto wanaozaliwa na mgongo wazi ilipungua bila mama kulazimika kusoma nembo yoyote. Kasoro hiyo hutokea ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Hata aliyeelimishwa vizuri anaweza kuchelewa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, umemfanya mnunuzi aonekane mtu asiyefikiri. Mimi naamini anafikiri sana, ila hana imani, na ana sababu. Virutubishi haviko kama chumvi, ambayo ulimi huitambua. Mkaguzi akitaka kujua kama unga una madini ya chuma, huusawazisha kwenye kisahani, akaudondoshea kemikali ya thiosayanati iliyochanganywa na asidi, kisha haidrojeni peroksaidi, na baada ya dakika chache vitone vyekundu hujitokeza. Jikoni chupa hizo hazipo. Anayeambiwa alipe ziada kwa kitu asichoweza kukiona wala kukionja anaombwa aamini maandishi tu, na pengo hilo ndilo linalojazwa na uvumi kwamba unga umetiwa dawa.

Sheria yako haiondoi tatizo hili. Isipokuwa na ukaguzi wa mara kwa mara, itazaa mifuko yenye nembo na unga usio na kitu, na siku hilo likigundulika, hata wazalishaji waaminifu wataadhibiwa na wanunuzi.

Mchangiaji wa pili:

Nanyi nyote mmesahau kwamba katika kaya nyingi anayepika siye anayetoa fedha. Aliyeelezwa habari za asidi ya foliki kliniki ni mama. Anayeamua fedha ya unga iwe kiasi gani huenda ni mwingine, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza lolote.

Mtoa hoja:

Ndugu mchangiaji wa kwanza, nakubali kuhusu ukaguzi, na ninarekebisha kauli yangu: sheria pasipo vipimo ni wino kwenye mfuko. Lakini hoja yako ya imani inaniimarisha zaidi ya kunibomoa. Kama mnunuzi hawezi kupima, basi kumwachia yeye jukumu la kuchagua ni kumtwika mzigo usio wake. Gharama ya virutubishi vyenyewe ni sehemu ndogo sana ya gharama ya unga. Vikiwekwa katika unga wote, bei mbili zitatoweka, na pamoja nazo ile dhana kwamba unga huu ni wa wenye nacho. Kuhusu anayetoa fedha, mchangiaji wa pili amesema kweli, na unga wote ukiwa na virutubishi, atakayeshika fedha atanunua huo huo.

Palipo na ugumu, na hapa sina jibu, ni kwenye vinu vidogo vya mitaani, vinavyomsagia kila mteja nafaka aliyokuja nayo. Kifaa cha kudondosha virutubishi kwa kipimo sahihi kinahitaji unga unaotiririka kwa mfululizo, ilhali pale kinu husimama na kuanza upya kila baada ya kilo chache. Nani atakinunua kifaa hicho, na nani atapita kukikagua? Wenye uzoefu wa kuendesha vinu vya namna hiyo naomba wachangie.