Zuhura hali samli (kikundi: Ukoo Kampala na Mombasa)

*Jumanne*

12:47 Zuhura: Shikamooni wakubwa. Niko kibandani karibu na paki ya zamani ya teksi. Nimeagiza matoke na mchuzi wa karanga, nikajua leo nimepona. Kijiko cha pili nakutana na jicho 😭

12:48 Rajabu: Jicho la nani

12:48 Zuhura: La kisamaki. Chembamba kama njiti ya kiberiti, kimelala kwenye ule mchuzi wa waridi kinanitazama.

12:49 Rajabu: Mukene hiyo. Dagaa. Wengine huisaga kabisa, shukuru umeona jicho 😂

12:53 Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Kwani hukumwambia huli nyama?

12:54 Zuhura: Nilimwambia, shangazi. "Sirya nnyama", vile vile ulivyonifundisha. Akanijibu, "Kale, nkuleetere enkoko?"

12:54 Rajabu: Kuku si nyama hapa jamani. Nyama ni ng'ombe na mbuzi

12:58 Mama Zuhura: Nilimwambia kabla hajapanda basi, mji wa watu hauendewi na masharti.

13:06 Mjomba Hamisi: Dada, masharti gani? Mtoto kaja mji wa ndizi. Kwa Baganda chakula, yaani emmere, ni matoke, muhogo, viazi vitamu, boga, posho (ugali). Nyama na samaki ni enva, cha kuteremshia tu. Hata vibandani bei ni ya mchuzi, emmere wanakujazia sahani. Zuhura chakula anakula, anachokataa ni kiteremshio.

13:07 Mama Zuhura: Na atateremshia nini, maji?

13:11 Mjomba Hamisi: Maharagwe. Mboga za majani, nakati na dodo. Karanga. Ila aulize kilichotiwa, asitazame jina. Firinda, yale maharagwe yaliyomenywa maganda ya watu wa magharibi, yanaonekana hayana neno, kumbe mara nyingi yana samli. Eshabwe ndiyo samli yenyewe. Katogo la asubuhi aulize kwanza, la utumbo au la karanga?

13:15 Bibi: 🎤 0:51

13:17 Rajabu: Kwa wasioweza kufungua sauti: Bibi anauliza Zuhura anaumwa nini, na ni nani aliyempa mwiko huo.

13:18 Zuhura: Siumwi, Bibi. Sili tu kinachotoka kwa mnyama. Nyama, samaki, mayai, maziwa, samli.

13:18 Shangazi Mwanaisha: Samli??

13:19 Shangazi Mwanaisha: Kumbe ndiyo maana chapati zangu za asubuhi ulizifunga kwenye kitambaa ukasema utakula njiani

13:20 Zuhura: 🙈 Nisamehe shangazi

13:20 Shangazi Mwanaisha: Mimi nikadhani chumvi imezidi.

13:21 Rajabu: Nilizila mimi. Chumvi ilikuwa sawa

13:29 Mjomba Hamisi: Zuhura, usijieleze sana. Sema ni muziro wako. Muganda ana kitu cha ukoo wake asichokila: wa Nsenene hali senene, wa Mamba, yaani kamongo kwa Kiganda, hamgusi. Hakuna atakayekubishia.

13:30 Rajabu: Huyu atakuwa wa koo zote kwa mpigo 😂

16:42 Zuhura: Mjomba!!! Nimejaribu kule Nakasero. Nilipotaja muziro tu, yule mama akasema "aaah", akaacha sufuria kubwa, akafunua ndogo ya maharagwe. Na mwiko akauosha kwanza. Sikumwomba.

16:44 Mjomba Hamisi: Si nilikwambia.

16:50 Rajabu: Kesho Jumatano nakupeleka Kabalagala kwa Wahabeshi. Waorthodoksi wao hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai. Omba sahani ya kufunga: dengu, kabichi, mboga za majani, zote juu ya injera moja, ule mkate wao mpana. Rolex sahau, ni yai ndani ya chapati. Njaa ikikushika njiani kuna kikomando, chapati ya kukatwakatwa na maharagwe.

16:51 Shangazi Mwanaisha: Ijumaa hamwendi popote, napika luwombo, mchuzi wa kufungwa kwenye jani la ndizi. Karanga na uyoga, bila samaki wa moshi. Rajabu lete majani ya ndizi machanga, mazima. Motoni nitayapitisha mwenyewe. Likiwa na tundu hata la sindano mchuzi wote unavuja.

16:53 Rajabu: Shangazi, mke wangu ni wa ukoo wa Butiko. Uyoga hali

16:55 Shangazi Mwanaisha: Basi yeye kuku. Ndiyo raha ya luwombo, kila mtu na jani lake.

16:57 Mjomba Hamisi: Na wanasimulia lilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mimi nyama ya ng'ombe, tafadhali.

17:03 Shangazi Mwanaisha: Zuhura, na asali je?

17:03 Zuhura: Hata asali, shangazi 🙈

17:06 Shangazi Mwanaisha: Haya. La kwako nitalifunga ukambaa mafundo mawili, nisije nikakupa kuku wa mke wa Rajabu.