Mjadala: Je, Mombasa ina haki ya kudai mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika?

Mwanzilishi wa mjadala, Majengo:

Asalamu alaikum, na habari za jioni kwa ndugu zangu wa Mvita, Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe na Jomvu.

Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, nimesikia barazani kauli moja ikirudiwa: kwamba mtu wa Pwani hana sababu ya kunung'unika mechi zikichezwa Nairobi, kwa kuwa timu ya taifa ni ya wote na anayeipenda ataifuata popote ilipo. Kauli hiyo naikataa, na sababu zangu nilizipata safarini wakati wa CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao.

Kenya ilipokuwa icheze na Morocco katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Jumapili ya tarehe 10, nilipanda treni kituo cha Miritini siku iliyotangulia. Nauli ilikuwa shilingi 1,500 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi, na katika gharama zote za safari ile tiketi ya uwanjani ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Nililala kwa mtoto wa ami yangu, la sivyo ningelipia na malazi. Sijutii hata senti. Ryan Ogam alipofunga kabla ya mapumziko, na vijana wetu wakalilinda bao hilo kipindi kizima cha pili wakiwa kumi baada ya mwenzao kutolewa kwa kadi nyekundu, nilimkumbatia mtu nisiyemjua na kulia naye. Uwanjani mtu hujua kwamba sauti yake inawafikia wachezaji. Hilo halipatikani mbele ya televisheni, hata iwe kubwa namna gani.

Lakini siku ile ile watu wengi waliingia kwa nguvu, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya iliyofuata, tena kwa tiketi za kielektroniki peke yake. Robo fainali dhidi ya Madagascar ikaangukia Ijumaa, tarehe 22. Mtu wa Nairobi aliweza kutoka kazini mchana akaenda. Mimi nilihitaji ruhusa ya siku mbili, na kabla sijaipata, tiketi nilizokuwa nikizitafuta kwenye simu zilikuwa zimeisha. Nikaitazama mechi kibandani hapa Majengo, tumebanana kwenye mabenchi, hadi tukatolewa kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Muuza kahawa alisimama mlangoni na dele lake, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe.

Sasa tazameni ng'ambo. Katika mashindano hayo hayo, kundi la Senegal, Kongo-Brazzaville, Sudan na Nigeria lilichezea mechi zake nyingi uwanja wa Amaan, Unguja. Uwanja ule hubeba takriban watu 15,000, na ulikuwa umekarabatiwa mwaka 2023. Sudan, nchi iliyomo vitani, iliifunga Nigeria mabao 4-0 pale. Si timu ya Zanzibar wala ya Tanzania bara, lakini watoto wa Unguja walitembea kwa miguu kwenda kuishuhudia mechi ambayo dunia ya soka ingeizungumza. Mji wa Waswahili wenzetu, wa kisiwa kama chetu, uliweza. Kwa nini sisi tuambiwe kwamba tunadai makuu?

Na jambo hili halikuanza na CHAN. Bandari, klabu yetu ya Mombasa yenye uwanja wake Mbaraki, ilipotwaa Ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, mwaka 2019 na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika, mechi zake za nyumbani ilizichezea Nairobi. Klabu ya Mbaraki ilikuwa "nyumbani" mwendo wa kilomita 480 kutoka Mbaraki. Mji ambao klabu yake ya Feisal ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965 haukuwa na uwanja wa kumpokelea mgeni kutoka Sudan au Tunisia.

Naomba tujadiliane kwa heshima.

Mchangiaji kutoka Changamwe:

Mzee wangu, nakuheshimu, na machozi ya Kasarani nayafahamu kwa sababu nami nilikuwa nikitazama. Hata hivyo sikubaliani nawe.

Kenya iliwahi kupewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, likachukuliwa na kupelekwa Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, nayo ikahamishiwa Morocco kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Mara mbili tumeaibika. Nchi iliyo na historia hiyo ikusanye nguvu zake mahali pachache, ivimalize viwanja ilivyovianza, kisha ndipo tuzungumze kugawana. Tukianza kuvutana kila mmoja na mkoa wake, tutakosa vyote.

La pili, nakuomba ujibu kwa ukweli: Bandari ikicheza Mbaraki siku ya kawaida, jukwaa hujaa? Mimi huenda, na nafasi ya kunyoosha miguu huwa tele. Na la tatu, mtaani kwangu tunanunua maji kwa mitungi ya mkokoteni. Siwezi kumwambia mke wangu kwamba mabilioni yatakwenda kwenye nyasi na taa wakati bomba la nyumbani lina wiki mbili halijatoa tone.

Mchangiaji kutoka Kisauni:

Ndugu zangu, naongeza moja tu. Nyote wawili mmetaja kibanda na jukwaa kana kwamba kila shabiki ni mwanamume. Mimi na binti zangu wawili tunaipenda Harambee Stars, timu yetu ya taifa, lakini kibandani hatuendi, kwa sababu hakuna nafasi ya kukaa kwa staha na hakuna choo. Mechi zote za CHAN tulizitazama kwa jirani. Kabla ya kubishana juu ya uwanja wa mabilioni, kaunti ingeweka skrini kubwa katika viwanja vya wazi vya Mama Ngina au Makadara siku za mechi za taifa, pawe na taa, vyoo na sehemu ya familia. Bustani ipo, bahari ipo, na watu wapo.

Mwanzilishi wa mjadala:

Ahsanteni. Naanza na dada yangu wa Kisauni, kwa sababu amesema lile nililopaswa kulisema mwanzo nikalisahau. Pendekezo lake nalikubali lote, ila lisitumike kutunyamazisha, tukaambiwa: mmepewa skrini, nyamazeni.

Kaka yangu wa Changamwe, kuhusu 1996 na 2018 umesema kweli, na ukweli huo unauma. Lakini mimi nausoma kwa namna nyingine. Tulinyang'anywa kwa sababu kazi ilianza kwa kuchelewa. Ule msongamano wa Kasarani, uliowafanya waliokuja kwa amani wafungiwe nje mechi iliyofuata, ulitokana kwa kiasi kikubwa na taifa zima kuelekezwa kwenye lango moja.

Kuhusu Mbaraki sina pa kujificha. Mimi mwenyewe msimu uliopita nilikwenda mara tatu tu, na nyumba yangu haiko mbali. Nikidai Senegal iletwe mlangoni pangu huku siendi kuiona timu ya jirani zangu, dai langu lina upungufu, na nitaurekebisha kwanza kwa miguu yangu.

Maji ndiyo hoja iliyonikosesha usingizi. Sitakuambia uwanja ni muhimu kuliko mtungi wa mke wako, kwa sababu si kweli. Kwa hiyo nalipunguza dai langu. Siombi uwanja wa watu 60,000. Naomba uwanja mmoja wa kadiri ya Amaan, utakaokidhi masharti ya CAF, ili Bandari isicheze tena ugenini inapokuwa mwenyeji, na timu za wanawake za taifa ziletwe huku mara kwa mara badala ya kusubiri mashindano makubwa. Na timu zitakazokuja 2027 zitahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Hoteli tunazo, na uwanja wa ndege wa kimataifa tunao.

Nakuuliza basi, kaka: dai la kadiri hiyo, likipangiwa fungu lake bila kugusa fungu la maji, bado utalipinga? Na kama utalipinga, mtoto wa Changamwe anayecheza mpira vumbini leo ataiona timu ya taifa lake wapi, kwa macho yake mwenyewe, kabla hajafika umri wangu?