Testi zinafeli kila huduma ya wavuti ikibadilika, tukirekodi upya zinapita. Mnafanyaje?

alizeti_ya_manyoni
Habari wakuu. Mfumo uko Dodoma, unavuta mauzo ya mahindi kutoka huduma ya wavuti ya taasisi nyingine, majibu ni JSON (maandishi yenye jina la kila fildi na thamani yake) juu ya HTTP. Testi ziko 140: kila moja inatuma ombi na kulinganisha jibu herufi kwa herufi na faili lililohifadhiwa. Mtoa huduma anabadilisha bila taarifa, testi 60 au 70 zinafeli kwa mkupuo, tunarekodi majibu upya, maisha yanaendelea. Juzi fildi ya uzito ilihama kutoka kilo kwenda magunia, nayo ikarekodiwa upya bila mtu kushtuka. Njia sahihi ni ipi?

mzabibu
Mkuu, kurekodi upya kwa mkupuo ni sawa na kutokuwa na testi. Anza na ulinganisho wenyewe. Kwenye JSON, mpangilio wa fildi ndani ya kitu kimoja hauna maana, ila mpangilio wa orodha una maana. Kwa hiyo safisha majibu yote mawili kabla ya kulinganisha: fildi zipange kwa alfabeti, na orodha ambayo mtoa huduma hajaahidi mpangilio wake ipange kwa namba ya stakabadhi. Kama ameahidi "ya karibuni kwanza", usiiguse.

Muda, namba ya ombi na tokeni (ufunguo wa kuingilia huduma) hubadilika kila mara, hivyo weka neno moja la kudumu badala yake. Lakini kagua umbo kwanza! Ukifuta muda bila kuuangalia, siku 2025-03-04T08:15:00Z ikigeuka 04/03/2025 testi itapita, na mfumo utasoma tarehe 3 Aprili.

Halafu linganisha zile fildi mnazozisoma tu. Jibu likija na fildi 38 nanyi mnatumia 9, hizo 29 zisiwanyime usingizi. Fildi mpya iwe onyo. Iliyotoweka, iliyokuja tupu, au iliyogeuka kutoka namba kuwa maandishi, hiyo ifeli.

alizeti_ya_manyoni
Nimekuelewa mkuu, lakini kilo na magunia vyote ni namba. Hapo aina haijabadilika.

kibaigwa_sokoni
Ndiyo maana ukaguzi wa umbo hautoshi, unahitaji testi zinazokagua maana ya namba zenyewe. Wengi hukimbilia kanuni ya uzito mara bei ni sawa na jumla. Iweke, ruhusu tofauti ya shilingi 1 kwa ajili ya kukadiria, ila jua inapovuja: kilo 30,000 kwa shilingi 700 ni 21,000,000, na magunia 300 ya kilo 100 kwa shilingi 70,000 ni hiyo hiyo 21,000,000. Bei ikihama pamoja na uzito, kanuni inapita kama kawaida. Kinachokamata hapo ni mipaka: mzigo wa lori kubwa usishuke chini ya kilo 1,000, bei ya kilo isivuke kiasi mtakachokubaliana na watu wa soko. (Na kama ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, hata gunia lenyewe si kilo 100.)

Angalia pia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), ina tarakimu 20. Ikija kama namba badala ya maandishi, JavaScript haina uhakika wa namba kamili zaidi ya 9007199254740991, kwa hiyo tarakimu za mwisho zinaharibika. Ubaya ni kwamba rekodi na jibu jipya vinaharibika kwa namna moja, testi inaona viko sawa. Kagua maandishi ghafi kabla hayajasomwa.

nzuguni_B
Naongezea. Tenganisheni mafungu mawili. La kwanza linatumia rekodi kupitia seva bandia kama WireMock, na linakimbia kila mnapogusa msimbo wenu: likifeli, kosa ni lenu. La pili linagonga seva ya majaribio ya mtoa huduma mara moja kwa siku: likifeli wakati la kwanza limepita, mwenzenu amebadilisha kitu. Mkiyachanganya, kila asubuhi ni ubishi wa nani kaharibu.

Rekodini na majibu ya makosa pia: 400 (ombi bovu), 404 (hakipo), 429 (maombi mengi mno), 503 (huduma haipatikani), na jibu linalochelewa sekunde 30.

Saa nayo. Fungu la pili likikimbia saa nane usiku, kwa UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu) bado ni saa tano usiku ya jana, na "mauzo ya leo" yanakuwa ya siku nyingine. Usiku wa kuamkia 1 Julai ni mbaya zaidi, maana seva ya UTC bado iko 30 Juni, mwaka wa fedha wa zamani, hadi saa tisa usiku kwetu. Tumeni tarehe kamili ndani ya ombi.

alizeti_ya_manyoni
Shukrani wakuu. Rekodi ziwekwe kwenye Git, pale tunapotunza matoleo ya msimbo?

nzuguni_B
Ndiyo, na kila rekodi inayobadilika iwe na mstari mmoja wa sababu na mtu wa pili aliyeipitia. Kabla ya kuziweka ondoeni tokeni, na badilisheni namba za NIDA na za simu kwa za uongo zenye urefu ule ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haijali kama faili ni la testi.