eduroam inakataa kwenye Windows 11, ila kwenye simu inashika

Swali
Habari wakuu. Nina kompyuta mpakato yenye Windows 11. Nikichagua eduroam (waifai ya vyuo) na kuweka jina na nywila, inazunguka kidogo kisha inaandika "Can't connect to this network". Simu inashika kwa jina na nywila hizo hizo. Ripoti ya `netsh wlan show wlanreport` ina mstari "Explicit Eap failure received". Kadi ya waifai imekufa, au akaunti ina shida?

Jibu 1
Kadi ni nzima mkuu. Mstari huo unaonyesha umefika hadi hatua ya utambulisho, ndipo ukakataliwa. Usiendelee kuandika nywila kwa mkono. Futa kwanza wasifu wa zamani (mipangilio ya eduroam iliyohifadhiwa), ukifungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi:

`netsh wlan delete profile name="eduroam"`

Kisha washa intaneti ya simu kwa waya wa USB, fungua cat.eduroam.org, chagua chuo chako na upakue kisakinishi cha Windows. Hicho huweka cheti cha mamlaka (faili la kuhakiki kuwa seva ni ya chuo kweli) na jina la seva ya chuo, vitu ambavyo wengi hukosea wakijaza wenyewe. Jina la mtumiaji liwe kamili, na @ pamoja na kikoa cha chuo (jina la chuo mtandaoni), bila nafasi mwishoni. Ukinakili kutoka WhatsApp, nafasi hiyo hujipenyeza na huioni.

Jibu 2
Kabla ya yote hayo, tazama saa pale chini kulia. Ikisoma mwaka wa nyuma sana, cheti cha seva kinahesabiwa kuwa bado hakijaanza kutumika, na kompyuta inakikataa. Isitoshe, saa haiwezi kujirekebisha bila intaneti, kwa hiyo irekebishe kwa mkono: Settings, Time & language, Date & time. Ikirudi nyuma kila ukizima mashine, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, ila kwenye mpakato nyingi huja na waya na plagi yake, kwa hiyo fungua uione kabla ya kununua.

Na tafadhali, asije mtu akakushauri uzime ukaguzi wa cheti. Yeyote anaweza kuwasha kifaa chenye jina eduroam pale kantini, na kompyuta isiyokagua itamkabidhi majibu ya MSCHAPv2 (njia ya kuthibitisha nywila), ambayo tangu 2012 inajulikana yanavunjika.

Jibu 3
Nyongeza kuhusu nywila. Ukiibadilisha, ibadilishe kwenye simu siku hiyo hiyo. Simu iliyo mfukoni itaendelea kujaribu ya zamani, na penye ukomo wa majaribio akaunti inafungwa, halafu unailaumu kompyuta.

Hicho kikoa baada ya @ usikiache hata kama chuoni kwenu inashika bila hicho. Ukienda Nairobi, seva ya chuo cha huko haikujui. Inasoma kikoa ndipo ijue ombi lirudishwe kwenu Tanzania.

Mwuliza swali
Saa ilikuwa inasoma 2019. Nimeirekebisha, nikatumia kisakinishi, imeshika. Betri naifungua kesho.